Tulinunua ala, tukakuta kabati limefungwa

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa miaka 45, kifungua mimba katika familia ya watoto wanne. Marehemu baba yetu alikuwa mwalimu, na kwa miaka mingi aliongoza bendi ya tarumbeta ya vijana katika mji mdogo tulikozaliwa, mbali na jiji ninakofanyia kazi sasa. Bendi ilikufa kabla yake, na lilimuuma. Alipofariki, sisi watoto tukasema hatutamkumbuka kwa maneno matupu. Tutachanga tuwanunulie vijana wa pale ala, muziki urudi.

Tulichanga mwaka mzima. Tukanunua tarumbeta sita, fidla nne, magitaa matatu na kinanda kimoja cha umeme, tukavikabidhi kwenye kituo cha vijana. Siku ya makabidhiano ilifana. Hotuba zikatolewa, picha zikapigwa, watoto wamepangwa mistari, na kitinda mimba wetu akashindwa kuzuia machozi.

Mwezi uliopita nilipita pale bila taarifa. Mjomba, nilitamani ardhi ipasuke nizame. Ala zote zimo ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, na ufunguo anao mkuu wa kituo, ambaye siku hiyo alikuwa safarini. Kesho yake alinifungulia kwa furaha kabisa, kama mtu anayeonyesha alivyotunza amana. Kinanda bado kina ile plastiki ya dukani juu ya vitufe. Tarumbeta mbili vali zimeganda, hazibonyezeki. Fidla moja kidaraja chake kimeanguka, nyuzi zinaning'inia. Nikauliza watoto hujifunza lini. Akasema mwalimu alikuwepo, wa kujitolea, akafundisha miezi miwili kisha akapata kazi kwingine. Na yeye hawezi kuwaachia watoto mali ya watu.

Nilipotoka nikawakuta vijana kama 15 barazani nyuma ya jengo, wanafanya mazoezi ya igizo lenye ngoma na kucheza. Hawana kitu ila simu moja ya kioo kilichopasuka, ndiyo inayowapigia muziki. Nilikaa nikawatazama mpaka mwisho, na nakwambia kweli, nilisahau hasira zangu. Nikawauliza mbona hawatumii zile ala. Binti mmoja, yule aliyekuwa akiigiza bibi kizee mpaka nikamwona bibi kizee, akanijibu kwa adabu tu: "Mama, hakuna aliyetuuliza."

Sasa nyumbani tumegawanyika. Anayenifuata anasema imetosha, tumetoa na hawakuthamini. Kaka yetu wa tatu anasema akiba iliyobaki tumsomeshe yule binti kwenye shule ya sanaa jijini, angalau tuone matunda. Wa mwisho anataka tutafute mwalimu wa tarumbeta kwa gharama yoyote, kwa ajili ya baba. Mkuu wa kituo naye ameniandikia barua kuomba tujenge ukumbi, na ukutani litawekwa bamba lenye jina la marehemu. Sitakuficha, hilo bamba limenigusa.

Vijana wenyewe walichoniomba ni nauli. Karibu nusu yao wanatoka vijiji vya mbali, na huondoka mazoezi yakiwa katikati ili wawahi gari la mwisho.

Sisi si matajiri. Tunaweza kutoa kidogo kidogo kila mwezi, pamoja na hiyo akiba. Tuendelee au tuache? Na kama tunaendelea, kwa lipi? Halafu nitamwambiaje mkuu, mtu mzima anayeniheshimu, kwamba nimevunjika moyo?

Mtoto wa Mwalimu

*

Marahaba, mpwa wangu. Pole kwa msiba, na pole kwa kabati.

Nianze na hilo kabati, maana nimewahi kuwa mimi mwenye ufunguo. Ujanani nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha maigizo. Mfadhili mmoja akatuletea taa nane za jukwaani, nami nikatia sahihi kwenye karatasi: taa nane, zimepokelewa zikiwa nzima. Tangu siku hiyo, kila vijana walipoziomba kwa mazoezi, mimi nilikuwa naona ile sahihi. Balbu ikiungua zitabaki saba, na karatasi inasema nane. Nikawaambia tungojee onyesho kubwa. Onyesho kubwa likachukua miaka miwili kufika, na tulipofungua stoo tukakuta panya wameshamaliza nyaya. Taa zilikuwa nane kamili, na hakuna hata moja iliyowaka.

Kwa hiyo mkuu wako simwoni kama adui wala mchoyo. Ninyi mlimkabidhi mali mbele ya kamera na hotuba, mkamwachia orodha, na hamkumwambia popote kwamba ala ikivunjika mikononi mwa mtoto anayejifunza, hiyo ni matumizi, si hasara. Alipokufungulia kwa furaha alikuwa anakuonyesha kwamba ametimiza alichodhani mmemtuma. Sehemu ya kosa hili ni yenu.

Utakapokutana naye usianze na kuvunjika moyo kwako. Anza na shukrani kwamba hakuna kilichoibwa, maana ni kweli, na si vituo vyote vingeweza kusema hivyo. Kisha mpe barua fupi iliyosainiwa na ninyi wanne inayosema mambo matatu tu: ala hizi ni za kuchezewa, kuchakaa kwake hakutadaiwa na mtu yeyote, na fedha ya matengenezo itatoka kwenu. Pamoja na barua hiyo mpelekee daftari la kuazimia. Kijana anaandika jina, tarehe na ala aliyochukua, na anaporudisha anaandika ilivyo. Daftari likae kwa vijana wenyewe, wamchague mmoja wao awe mtunzaji. Utashangaa jinsi mtu anavyolegeza mkono kwenye kufuli akishaondolewa hofu ya kuulizwa.

Na mtafute fundi sasa hivi, kabla ya mwalimu. Vali zilizoganda mara nyingi zinataka kuoshwa na kutiwa mafuta yake tu. Fidla iliyoangusha kidaraja haijafa, ila asiguse mtu asiyejua, kwa sababu zile nyuzi zikikazwa vibaya kidaraja hudondoka tena, na kishindo kile kikitua kwenye mbao unaweza kupata ufa. Kule Cateura, Paraguay, kwenye mtaa uliojengwa kando ya jalala, kuna okestra ya vijana inayojulikana dunia nzima kwa fidla na saksafoni zilizotengenezwa kwa makopo na mabomba yaliyookotwa. Watu wakiisikia habari hiyo husifu takataka (na mimi husikia vibaya, kana kwamba umaskini ni pambo). Ninachokiona mimi ni kwamba mwalimu wao, Favio Chávez, alikuwa na fundi jirani, Nicolás Gómez, mwokota taka mwenye mikono ya dhahabu. Ala ikiharibika, wa kuitengeneza yupo hapohapo. Ninyi mna fidla za dukani na hamna fundi. Nikiambiwa nichague, nitakwenda kwa aliye na fundi.

Sasa lile neno la yule binti. Naona limekuchoma, na ndivyo ilivyopaswa. Mlinunua tarumbeta kwa sababu baba alipenda tarumbeta. Ni zawadi ya mapenzi, lakini mapenzi yale yalikuwa kwa baba, na vijana wakawa kama wapagazi wa kumbukumbu yenu. Wao wana igizo. Tayari wana kikundi, wana mtindo wao, wana mtu anayeweza kuwa bibi kizee kwenye sakafu ya saruji bila vazi wala taa. Kabla hamjatoa senti nyingine, rudi ukakae nao barazani, safari hii na kalamu. Waulize wanafanya nini, wanakwama wapi, nani aliacha kuja na kwa nini. Hilo la mwisho ulilipe uzito kuliko yote, kwa kuwa aliyeacha kuja hayupo pale kukuomba kitu. Waulize pia kama wapo wanaotaka ala. Nina hakika watapatikana wanne watano, na hao wanatosha kuanza. Igizo lenye ngoma likipata tarumbeta moja pale bibi kizee anapoingia, mpwa wangu, marehemu mwalimu hatakosa nafasi yake.

Wamekwisha kukujibu sehemu: nauli. Naomba usiidharau kwa sababu haipigiki picha. Kijana wa kijijini hakosi sanaa kwa kukosa kipaji wala kwa kukosa ala. Hukosa kwa sababu mazoezi yanaisha saa kumi na mbili na gari la mwisho linaondoka saa kumi na moja na nusu. Anayekosa nusu saa ya mwisho kila wiki ndiye asiyepewa nafasi kubwa kwenye igizo, kwani kiongozi hawezi kumtegemea. Baada ya miezi sita ataacha, na watu watasema hakuwa na moyo. Wasichana huondoka mapema zaidi, maana wazazi hawataki wakute giza njiani. Kwa hiyo fanyeni hesabu mbili. Ya kwanza, nauli ya wanaotoka mbali kwa siku za mazoezi. Ya pili, kukodi gari moja la kuwarudisha wote pamoja, likiwa na mtu mzima anayeaminika na wazazi. Mara nyingi hiyo ya pili huwa nafuu, na huwatuliza wazazi. Lakini kabla ya hesabu zote ulizeni kama mazoezi yanaweza tu kuanza saa moja mapema. Kuna matatizo hayataki fedha.

Fungu kubwa la mchango wenu wa kila mwezi liende kwa mwalimu. Wafadhili tuna ugonjwa mmoja: tunapenda kununua vitu, kwa sababu kitu kinakaa, kinaonekana, kinaandikwa jina. Mshahara huonekana kama maji yanayomwagwa. Lakini mwalimu wenu wa kwanza hakuondoka kwa ubaya, aliondoka kwa kuwa alikuwa anafundisha bure na tumbo halijui kujitolea. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi kule Zanzibar, DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kinachofundisha taarabu na ala za nyuzi kama udi na kanuni, mwaka 2019 kilifika ukingoni mwa kufungwa. Walimu walikuwepo, wanafunzi walikuwepo, jengo lilikuwepo, na sifa zake zimevuka bahari. Ufadhili ndio uliokuwa umekauka, na ada za wanafunzi, ambao wengi hawakuweza hata kuzilipa, hazikutosha mishahara. Kama chuo chenye jina namna ile kinaweza kutikiswa na mshahara, kituo chenu kitasimama vipi?

Msitafute mwalimu wa wiki nzima. Alasiri mbili kwa wiki, analipwa kwa wakati, tarehe ileile kila mwezi. Mtafuteni karibu. Anaweza kuwa mwalimu wa kwaya, mpiga gitaa wa harusini, au mzee aliyepita kwenye bendi ya baba yenu (hao bado wapo, uliza). Mdogo wako anayetaka mwalimu wa tarumbeta kwa gharama yoyote mpe kazi hiyo ya kuwatafuta wazee wa bendi. Machozi yake yatapata mahali pa kwenda.

Kuhusu yule binti, kaka yako hana nia mbaya, na sitaki mlizime wazo lake kwa ubishi wa kifamilia. Lakini mmezungumza naye? Na wazazi wake? Unaniandikia habari za kumhamisha mtoto wa watu kwenda jijini na katika barua nzima hakuna mstari unaosema yeye anataka nini. Tena tazama hesabu. Akiba yote ikimfuata mmoja, wale 14 wanabaki barazani na simu iliyopasuka, wakiwa wamepoteza aliye bora wao, na wanajifunza kwamba sanaa ni mlango wa kuondokea mjini kwao.

Kuna njia nyingine. Huko Albury, mji wa Australia ulio mpakani mwa majimbo ya New South Wales na Victoria, mbali na Sydney na mbali na Melbourne, mwaka 1979 walianzisha sarakasi ya watoto iitwayo Flying Fruit Fly Circus. Walipotaka kupanda daraja hawakuwafungasha watoto kuwapeleka kwenye miji mikubwa. Mwaka 1983 waliwaleta wakufunzi wa sarakasi kutoka Nanjing, China, wakafundisha palepale. Leo sarakasi hiyo ndiyo ya taifa ya vijana, na makao yake bado Albury. Ninyi hamwezi kuleta watu kutoka China, najua. Lakini mnaweza kumleta mwongozaji mmoja wa maigizo kutoka jijini kwa wiki moja ya likizo, mumlipe na kumpa malazi, afanye kazi na wote 15. Binti naye akitaka, apelekwe wiki mbili kwenye mafunzo ya likizo jijini, arudi aseme mwenyewe kama huko ndiko anakotaka kwenda. Akisema ndiyo, hapo ndipo ada iwe mazungumzo, na iwe mfuko wake peke yake, usioguswa na ule wa kikundi. Na msimfunge na sharti la kurudi kufundisha. Mtoto wa umri ule asipewe deni la shukrani la kumlemea mpaka uzeeni.

Ukumbi, hapana. Si milele, ila si sasa. Ukumbi unataka paa lisivuje, unataka umeme, mlinzi na rangi, na hayo yote yatamla mwalimu. Ninajua bamba limekugusa. Nami lingenigusa. Mwambie mkuu kwamba tutazungumza habari za ukumbi siku ambayo baraza litakuwa limejaa mpaka watu wanasimama uani. Hata yeye ataona ni neno la haki.

Lililobaki ni muda. Msitoe kwa mtindo wa tutaona. Semeni: tunatoa kwa miaka mitatu, kuanzia mwezi fulani mpaka mwezi fulani, kiasi hiki, halafu tutapunguza. Watu huogopa kutaja mwisho wakidhani ni ukatili. Ukatili ni mwisho unaokuja bila kutajwa. Ireland mwaka 2009 kundi la muziki la U2 liliahidi euro milioni 5 na taasisi ya Ireland Funds milioni 2 kwa ajili ya elimu ya muziki kwa watoto wa kaunti mbalimbali, mradi ukaanza mwaka uliofuata kwa jina la Music Generation. Fedha hizo hazikumwagwa tu. Kila eneo lilitakiwa liunde ushirika wake na litafute nusu ya gharama, na ilieleweka tangu mwanzo kwamba fedha za wafadhili ni za kuwashia moto, baadaye serikali itachukua nafasi yao. Ikachukua. Kiwango chenu ni kidogo mno ukilinganisha, lakini umbo linaazimika. Mwaka wa kwanza lipeni mwalimu wote. Mwaka wa pili kituo, halmashauri au wazazi watafute robo. Mwaka wa tatu nusu. Mkuu, ambaye ni hodari wa kuandika barua kama nionavyo, aziandike kwa halmashauri badala ya kukuandikia wewe.

Kuhusu taarifa, msidai makaratasi mengi. Kila mwezi mtumiwe ukurasa mmoja: wangapi walikuja, nani ameacha, nini kimevunjika, fedha ilikwenda wapi. Mwezi ambao hakuna kilichovunjika, uliza kwa nini. Wala msiombe picha za watoto wakiwashukuru. Kumpanga mtoto mstari ashike bango la asante ni kumtoza, na picha zao zikisambaa na majina yao ni hatari isiyo na faida.

Yule anayesema imetosha, mwacheni. Asilazimishwe kuchangia, asisemwe. Mkabidhini kazi ya kukagua hesabu, kwa maana aliyekata tamaa ndiye mkaguzi bora, na huenda akarudi mwenyewe akiona daftari la kuazimia limechafuka kwa vidole.

Niandikie ukishaonana na mkuu. Nataka kujua tarumbeta ngapi kati ya sita bado zinatoa sauti, na ni nani aliyeibandua ile plastiki ya kinanda.

Mjomba